Mwaka Nilipomfungia Kazi Mzee Haule

Bwana Kyando aliniuliza mara moja tu, tena kwa upole: "Mgaya, utasimama wewe badala ya mzee?" Nikasema ndiyo. Tulikuwa nje ya ukumbi mmoja wa Makambako, karibu na stesheni ya reli, Jumamosi alasiri, upepo ukiokota vumbi na kulimwaga kwenye nguo za wageni. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema tumngojee. Ningeweza hata kusema nitazungumzia mambo mengine, maana nilikuwa nayo ya kutosha kichwani: mawe ya kale yaliyochongwa, vyungu, aina za udongo. Hakuna aliyenishika mkono. Nimeitazama ndiyo ile kwa miaka mingi, na kila nikiitazama naiona ni yangu peke yangu, nyepesi, imetoka mdomoni kama mtu anavyoitika akisikia jina lake.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita binti mmoja anayefanya kazi ya makumbusho alinipigia simu akanialika kwenye mazungumzo yake kuhusu chuma cha zamani cha nyanda hizi. Aliniketisha mstari wa mbele, akanipa chupa ya maji, akaniita hazina. Ukutani alionyesha picha ya tanuru la udongo lililosimama mteremkoni, refu kuliko mtu, na pembeni yake kijana mwembamba ameshika daftari. Kijana yule ni mimi. Watu walipiga makofi. Binti akasoma hatua sita za uyeyushaji, moja baada ya nyingine, akasema, "Haya yote ni kwa mujibu wa Bwana Mgaya, ambaye tuko naye hapa." Sikuhisi kitu. Nilitazama kamba za viatu vyangu, nikaona moja imekaribia kukatika, nikawaza nitanunua nyingine wapi. Kisha akasema hatua ya saba haijulikani, akanigeukia kwa adabu kabisa. "Au mzee wetu anaweza kutusaidia?" Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani nitaona aibu, au huzuni, chochote. Niliporudi nyumbani nilikula, nikalala vizuri.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimepata kazi Njombe, kwenye nyumba ndogo ya makumbusho. Nyumba ile ilikuwa ghala la pareto kabla ya kuwa makumbusho, na harufu ya maua makavu haikutoka ukutani hata tulipopaka chokaa mara mbili. Vilikuwa vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na meza tatu na kabati moja la kioo, ndani yake mikuki, majembe ya zamani yaliyolika hadi kubaki ulimi, vipande vya vyungu na ngoma iliyopasuka. Chumba cha nyuma kilikuwa ofisi ya Bwana Kyando, mtunza makumbusho, na jiko langu la mkaa kwenye kona, maana kazi yangu mojawapo ilikuwa kuchemsha chai. Kazi nyingine ilikuwa kuandika vibandiko kwa mwandiko mzuri. Ya tatu, ambayo ndiyo hasa niliyoajiriwa kwayo, ilikuwa kufasiri. Kila Jumamosi saa nane mchana tulikuwa na mazungumzo kwa watu wote. Mzungumzaji alisema Kiswahili, mimi nikageuza kwa Kibena kwa wale ambao Kiswahili chao kiliishia sokoni, na ikibidi nikaongeza Kipangwa, nilichokipata kwa mama.

Bwana Kyando alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye koti la kijivu lenye kalamu tatu mfukoni, na imani kwamba mkulima akielezwa vizuri anaweza kuelewa jambo lolote duniani. Alileta mwalimu wa sayansi na karabai na chungwa, akatuonyesha kupatwa kwa jua. Alileta daktari kutoka Tandala akaeleza minyoo kwa michoro, hata wanawake wawili wakatoka nje. Alileta mtu wa madini, ambaye alizungumza saa nzima juu ya umri wa milima ya Kipengere. Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Dhahabu ipo?" Mtu wa madini akasema, "Hapana, baba, hapa dhahabu hakuna." Mzee akauliza, "Makaa?" "Ya huku ni kidogo sana." Mzee akavaa kofia yake. "Sasa ulituitia nini?" Watu wakacheka mpaka Bwana Kyando naye akacheka. Walikuja siku za baridi na mablanketi mabegani, wakanywa chai ya Lupembe kwenye vikombe vya bati, na wengi, nilikuja kuamini, walikuja kwa sababu ya chai. Lakini walikuja. Na mimi nilipenda kusimama pale katikati, maneno yakipita kwangu kwenda kwao. Nilikuwa na umri ambao mtu akitazamwa na watu thelathini hudhani amekua.

Ilikuwa Jumamosi ya namna hiyo tulipoweka mezani mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayobaki baada ya chuma kuyeyushwa, ambayo wakulima huyakuta mashambani na kuyatupa kando. Mama mmoja aliyetoka sokoni na kapu lake la viazi aliinama juu ya kibandiko changu, akasoma kwa sauti, akauliza, "Na haya ni mavi ya nani?" Kicheko kilipotulia, mwanamume mmoja mrefu aliyekuwa amekaa karibu na mlango alikuja mezani, akachukua bonge moja, akaligeuza, akaliweka sikioni na kuligonga kwa ukucha. Akasema kwa Kipangwa, bila kumwambia mtu, "Aliyelipika hili alikuwa na haraka." Ni mimi peke yangu niliyemwelewa. Nikamuuliza alijuaje. Akanitazama kwanza mimi, halafu daftari langu. "Wewe ni wa wapi unayejua lugha ya watu na umevaa viatu vya ofisi?"

Huyo ndiye Mzee Haule. Alitoka upande wa Mawengi, kule Ludewa, ambako ukoo wao ulikuwa ukiyeyusha chuma tangu zamani, mpaka majembe ya dukani yalipofika na kazi ikakosa mnunuzi. Yeye alikuwa wa mwisho kufundishwa. Alifanya kazi hiyo ujanani pamoja na baba yake, akaiacha, akahamia Njombe na mkewe kulima viazi kwenye shamba dogo ukingoni mwa mji. Bwana Kyando aliposikia, hakulala. Alimwendea mara tatu na kumwomba ajenge tanuru moja tu nyuma ya makumbusho, aliwashe, watu waone, na mimi niandike. Mara mbili za kwanza mzee alikataa. Ya tatu akakubali, kwa masharti ambayo aliniambia mimi, si Bwana Kyando, tukiwa jikoni kwake tunakula viazi vya kuchemsha na majani ya maboga.

Jiko lile nalikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyopata kuishi. Lilikuwa kibanda cha udongo kilichojitenga na nyumba, cheusi kwa moshi, chenye kigoda kimoja cha mwenye nyumba na gogo moja la mgeni. Mkewe, Mama Agata, alikuwa mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, aliyeweza kukutania na kukuongezea chakula kwa mkono uleule. Mimi aliniita Karani. "Karani, kula, mwandiko hauna nguvu." Mahindi mabichi yakiwepo alichoma mahindi, yasipokuwepo, kande, na msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kulikuwa na kibuyu nyuma ya mlango ambacho mzee alijifanya hakijui. Mama Agata hakuruhusiwa kusogelea tanuru likijengwa, kwa sababu ndivyo miiko ya ukoo wa mumewe ilivyotaka, naye aliligeuza jambo hilo kuwa mzaha wa kila siku. "Miaka thelathini na tano nalala na mwenye moto, na moto wenyewe sijatambulishwa. Huenda ni mke mwenza." Mzee Haule alikuwa akitabasamu na kutazama sufuria.

Sharti lake lilikuwa hili. Kwa watu wa ukoo wake, myeyushaji akifa, siku ya kuzikwa, padri akishamaliza sala zake, mwanafunzi wake mkubwa husimama upande wa kichwa cha kaburi na kuitaja kazi yote kwa mpangilio wake, kuanzia kutafuta mawe hadi kufungua tanuru. Hutajwa mara hiyo moja tu. Kwa jambo hilo wana neno lao ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita kumfungia mtu kazi. Akishafungiwa, hahesabiki tena katika moto. Aliyebaki ndiye mwenye moto. Kwa sababu hiyo, mtu akiwa hai, kazi yake hufundishwa vipande vipande: leo mivukuto, kesho mkaa, keshokutwa urudi kwenye mawe. "Kwa hiyo andika," Mzee Haule aliniambia, "lakini andika ovyo. Usinipange." Mama Agata akadakia kutoka kwenye mafiga, "Ukimpanga utaniachia kilio, Karani, na mimi sina kanga nyeusi." Tulicheka wote watatu. Nilielewa vizuri kabisa. Nataka hili lijulikane: sikukosea kwa kutojua.

Kwa miezi mitano nilikuwa mwanafunzi wake. Asubuhi za Juni na Julai, nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, tulichimba udongo wa kichuguu, tukaukanyaga kwa miguu isiyo na hisia, tukainua ukuta wa tanuru mkono kwa mkono. Alinionyesha mti wa kuchoma mkaa na ule unaofanana nao ambao haufai. Alinionyesha namna ya kufinyanga mirija ya udongo ya kupitishia upepo, nikavunja kumi na moja kabla sijapata mmoja. Aliniambia kinachozikwa chini ya sakafu ya tanuru, dawa za miti ambazo niliapa kuzitaja kwa jina la mti tu bila kusema zilitoka wapi. Hakunisifu. Siku moja tu, nilipomaliza mdomo wa chini wa tanuru peke yangu, alipitisha kiganja juu yake akasema, "Baba asingebomoa huu." Sijapata kusikia neno lililonifurahisha zaidi ya hilo, na sasa nikilikumbuka nalikumbuka kama mtu anavyokumbuka anuani ya zamani.

Kilichobaki kilikuwa hatua ya mwisho: kujua chuma kimeiva, na kufungua tanuru. Hiyo haielezwi kwa maneno, alisema. Itabidi moto wenyewe uwe unawaka, nami niwe nimesimama kulia kwake. Angenionyesha siku ya kuwasha, mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Baada ya hapo, alisema mara moja akiwa ameinama anaosha miguu, mwenye moto angekuwa na wa kumwachia.

Ila mimi nilikuwa mtu wa shule. Chumbani kwangu, nyumba ya kupanga yenye kitanda kimoja na meza iliyokuwa sanduku la sabuni, zile karatasi za ovyo zilinisumbua kama jino. Jioni moja nilichukua daftari jipya, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika: Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Mpaka ya sita, na ya saba nikaiachia ukurasa mtupu. Ilipendeza. Kwa mara ya kwanza kazi yote ilionekana kama kitu kimoja. Nikampelekea Bwana Kyando, ambaye hakujua sharti kwa sababu sikumwambia, naye alisimama kabisa kutoka kitini. "Mgaya, hii ni kazi ya msomi." Akasema kuna kozi Dar es Salaam, ya watu wa makumbusho, na jina langu litakwenda. Wiki ileile Mzee Haule aliniuliza, akinipokeza nyundo, "Bado unaandika ovyo?" Nikasema, "Ndiyo, mzee." Hiyo ilikuwa ndiyo ya kwanza. Ya Makambako ilikuwa ya pili.

Safari ya Makambako ilikuwa fikra ya Bwana Kyando. Treni ilikuwa imeanza kupita pale, mji ulikuwa unakua kila wiki, na wageni wa wizara pamoja na mtaalamu mmoja wa mambo ya kale walikuwa wanapita kuelekea kusini. Wangekaa kwetu kwa muda wa saa tatu. Alikodi ukumbi, akatangaza mazungumzo, na Mzee Haule akakubali kuja kuonyesha jembe alilolifua na baba yake na kujibu maswali. Maswali tu, alisisitiza. Swali moja huku, swali moja kule. Siku nne kabla, akaitwa Mawengi kwenye msiba wa jamaa. Akatuma ujumbe kwamba atakuja moja kwa moja kwa lori la mbao na tukutane ukumbini.

Saa nane, hakuwepo. Saa nane na nusu, hakuwepo. Ukumbi ulikuwa umejaa: wafanyakazi wa reli, walimu, akina mama wa sokoni, wageni mbele na makoti yao. Mtaalamu alitazama saa. Nilimsikia mgeni mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Hawa wa huku mambo yao ni ya kesho kesho," na mwenzake akajibu, "Tungekuwa tumeshafika Chimala, tunakula." Bwana Kyando naye alisikia. Akanitoa nje. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona kazi ya miaka yake yote imesimama mlangoni ikitaka kuondoka. "Soma lile daftari tu. Utasimama wewe badala ya mzee?"

Nilijiambia mambo matatu kwa muda wa kuvuka kizingiti. Kwamba hapa si makaburini. Kwamba hawa si Wapangwa. Na kwamba nitasoma kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili haihesabiwi. Kwa Kiswahili ni mazungumzo tu. Hilo la tatu ndilo nililoliegemea. Sisi tuliosoma tulikuwa na desturi hiyo, kudhani kuwa jambo zito likisemwa kwa lugha ya ofisi linakuwa karatasi.

Nikaanza. Hatua ya kwanza, kutafuta mawe. Sauti yangu ilikuwa nzuri, naikumbuka. Ya pili, mti na mkaa. Ya tatu, udongo wa kichuguu na kujenga. Mtaalamu alikuwa anaandika harakaharaka, na kila alipoandika nilijisikia nimeongezeka kimo. Nikiwa katikati ya hatua ya nne, mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia Mzee Haule, mweupe kwa vumbi la lori, jembe lake limefungwa kwenye gunia. Alivua kofia. Alisimama kidogo akisikiliza, kisha akakaa benchi la mwisho na kuliweka gunia magotini.

Wakati huo bado ningeweza kunyamaza. Nimelipima jambo hili na nina hakika nalo. Ningesema, "Mwenyewe amefika," na watu wangepiga makofi, naye angekuja mbele na kazi yake ikiwa imetajwa nusu, ambayo si kitu. Badala yake niliinua sauti, ili asikie nilivyojifunza vizuri. Hatua ya tano. Hatua ya sita. Nilipofika ya saba nikasema tu, "Na hapo chuma huwa kimeiva, na tanuru hufunguliwa." Makofi yakaanza mbele na kwenda nyuma. Fundi mmoja wa reli akanyoosha mkono. "Mnajuaje kwamba kimeiva?" Nikasema kwa furaha kwamba mwenye kazi yuko nasi, atatujibu mwenyewe. Watu wote wakageuka.

Mzee Haule hakusimama. Alisema kwa Kipangwa, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya viazi: "Aliyefungiwa kazi hajibu."

Wote wakanigeukia mimi, mfasiri. Nikasema, "Mzee anasema amechoka na safari."

Hakukasirika. Kama angekasirika ningejua pa kuanzia. Baada ya wageni kuondoka Bwana Kyando alitupeleka kula hotelini, wali na maharage na vipande vya nyama, na Mzee Haule alikula vizuri, akamtania mhudumu kwamba nyama yake imezaliwa mwaka mmoja na yeye. Njia nzima ya kurudi Njombe alizungumza na dereva juu ya mbolea. Alikuwa kama mtu aliyestaafishwa bila kuomba, akakuta hana pa kwenda asubuhi. Tulipofika kwake nilimfuata mpaka mlango wa jiko. Nikasema, "Mzee, ya saba sikuisema. Sikuijua. Haijafungwa." Akanijibu bila kugeuka, "Kaburi likipungua udongo ni kaburi vilevile, mwanangu."

Mama Agata alikuwa anasonga ugali. Mumewe akamweleza kwa maneno machache, amekaa kwenye kigoda, akivua viatu. Mwiko ulisimama. Nilingoja anitukane. Badala yake alisema, "Basi mimi ni mjane. Nampikia nani?" Halafu akaendelea kusonga, akapakua, akatupa wote wawili. Sikuitwa tena Karani. Kuanzia siku ile aliniita Bwana Mgaya.

Jumatatu hakuja tanurini. Wala Jumanne. Bwana Kyando, nilipomweleza yote, alikaa chini akavua miwani, akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Alikwenda kumwomba radhi, akiwa na blanketi jipya na kilo za sukari. Alipokelewa vizuri. Alikunywa togwa. Kuhusu tanuru, mzee alimwambia kwamba hilo ni la marehemu Haule, yeye ni mkulima wa viazi. Nilikwenda mimi. Nilikwenda na ulanzi, nilikwenda na padri, nilikwenda peke yangu na kupiga magoti kwenye tuta la viazi. Aliniinua kwa kiwiko. "Utachafua suruali." Nikamuuliza kuna dawa gani ya jambo hili, kuku, mbuzi, chochote. Akafikiri kwa dhati, kama alivyofikiri kila swali langu. Akasema hajapata kusikia dawa, kwa sababu hajapata kusikia mtu aliyefungiwa kazi akiwa hai. Hakuna aliyewahi kukosea hivyo.

Mwezi wa kumi ukapita. Mvua za kwanza zikalamba mdomo wa tanuru, ule ambao baba yake asingeubomoa. Ilipofika Krismasi ukuta wa upande wa bondeni ulikuwa umelala. Januari nikaitwa kwenye kozi Dar es Salaam, nikaenda. Nilirudi na cheti, nikapata kazi ya kudumu, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilisimama kila Jumamosi mbele ya watu, Njombe, Makambako, Iringa, nikaeleza chuma, mawe na nyota. Walisema nazungumza vizuri. Nilikuwa nazungumza kama redio inavyozungumza katika nyumba isiyo na mtu.

Mzee Haule aliishi miaka kumi na moja baada ya Makambako. Tulikuwa tunakutana njiani karibu kila wiki. "Kamwene," ananisalimu, nami naitikia kamwene. Ananiuliza habari za watoto. Ananieleza viazi vyake vimeshikwa na ukungu au havijashikwa. Alikuwa na akili timamu hadi siku ya mwisho, na yote yalikuwa kichwani mwake, hatua chache kutoka barabarani niliposimama. Sikupata tena neno moja. Alipokufa nilikwenda Mawengi mazishini. Padri alimaliza sala, akarudi nyuma kama alivyoelekezwa, na watu wakangoja. Ndugu zake wa Mawengi, ambao hawakuwa na moto, walinitazama. Nikapiga hatua moja mbele. Mama Agata, amekaa chini kwenye mkeka, alinishika ukingo wa koti. "Wewe ulishamaliza," alisema taratibu. "Waache wafukie." Wakafukia. Hakuna aliyetaja kitu. Nilisikia majembe yakigonga mawe, majembe ya dukani, na sikulia.

Ile ndiyo niliyoitamka Makambako ilinipa cheti, mshahara na jina katika vibandiko. Iliniondolea mwalimu aliyekuwa hai kwa miaka kumi na moja mbele ya macho yangu. Alikuwa amebakiza jambo moja kunifundisha, nami nilikuwa mtu pekee ambaye yeye alikuwa tayari kumfundisha, na sikufundishwa. Hakuna mtu leo anayejua kuyeyusha chuma cha ukoo ule, wala hatakuwepo, na sababu yake si majembe ya dukani wala wakati kubadilika, kama ninavyosikia wakieleza. Sababu ni mimi.